Vitundu kwenye mshono: upepo wa ziwa, mtungi wa gesi na waya unaokwama

Saa tisa alasiri pale Igombe upepo unaanza kutoka ziwani. Kama umewahi kukaa ufukweni Mwanza unaujua. Asubuhi maji yametulia, mchana jua linachoma nchi kavu, hewa iliyo juu ya ardhi inapata moto na kupanda, halafu ile ya baridi iliyokuwa juu ya maji inasogea kujaza nafasi. Kwa anayeanika dagaa, huo ni upepo wa baraka. Kwa anayechomelea boti kwa mashine ya MIG, ni habari nyingine kabisa.

Fundi ninayetaka kukusimulia habari zake nilimfahamu kupitia kaka yangu. Alikuwa anaunda boti ya chuma ya kukusanya samaki kutoka visiwani. Walipoijaribu majini ikavuja, si tundu moja bali jasho jembamba kwenye mshono mrefu wa chini. Akakwangua, akachomelea upya, ikavuja tena. Mwenye boti alishatoa malipo ya awali na alisema wazi kwamba ikivuja mara ya tatu anataka hela yake. Fundi alishabadilisha waya mara mbili na mtungi mara moja, na alianza kutafuta mtu wa kumuuzia mashine.

“Binti, wewe si umesomea vyuma?” aliniambia kwenye simu. “Njoo uniambie hii mashine imerogwa na nani.”

Nikaenda. Kwa kiburi cha shahada ya uzamili, dakika kumi zilinitosha kutoa jibu: “Mzee wangu, ni upepo.” Nilikuwa sahihi nusu. Ile nusu nyingine ilitugharimu siku nzima, na ndiyo iliyonifanya niandike makala hii.

Kwanza tuelewane mashine yenyewe inafanya nini. Kwenye uchomeleaji wa kawaida wa vijiti, ule unaouona kwa mafundi wa mageti kila mtaa, kijiti kimepakwa unga mgumu. Unga ule ukiungua unatoa moshi na gamba linalokinga chuma kilichoyeyuka. Kwenye MIG hakuna unga. Kuna waya mwembamba, mara nyingi wa milimita 0.8 au 1.0, unaosukumwa na rola kutoka kwenye koili mpaka kwenye tochi. Umeme unaingia kwenye waya kupitia tipu ya shaba, waya unayeyuka, na pembeni yake nozeli inamwaga gesi ya kukinga lile dimbwi dogo la chuma cha moto. Njia hii ilibuniwa Marekani mwaka 1948, mwanzoni kwa alumini na kwa gesi ghali kama agoni. Miaka mitano baadaye watafiti wa Kisovieti wakaonyesha kwamba chuma cha kawaida unaweza kukikinga kwa kabonidayoksaidi, ambayo ni rahisi mno. Hapo ndipo njia hii ikawa ya watu wote.

(Wenye kupenda majina sahihi watakwambia kwamba ukitumia kabonidayoksaidi hiyo si MIG tena bali MAG, maana gesi yenyewe inashiriki kemia ya dimbwi. Wana haki. Lakini nenda Nyakato ukaombe vifaa vya MAG uone utakavyotazamwa.)

Na hiyo kabonidayoksaidi, Tanzania tunayo ardhini. Kule Rungwe, Mbeya, kwenye eneo la volkano, gesi hii inatoka yenyewe chini ya ardhi, na kampuni ya TOL Gases inaivuna na kuijaza kwenye mitungi. Jirani zetu Kenya nao wana visima vyao. Agoni ni tofauti: inatolewa kwenye hewa tunayovuta, ambako ni chini kidogo ya asilimia 1, kwa kuipoza hewa mpaka iwe kimiminika. Ndiyo maana bei yake haifanani.

Sasa, kwa nini tuhangaike kukinga? Kwa sababu ya naitrojeni. Hewa ni asilimia 78 naitrojeni, na chuma kilichoyeyuka kinaipenda. Kwenye nyuzi 1,600 hivi za Selsiasi chuma kinaweza kumeza naitrojeni hadi asilimia 0.045 ya uzito wake. Kikianza kuganda, uwezo huo unashuka mpaka theluthi moja hivi, tena kwa ghafla. Ile iliyobaki haina pa kwenda, inajikusanya kuwa mapovu, na chuma kinaganda kabla mapovu hayajatoka. Ni kama soda unapofungua kizibo, isipokuwa hapa soda inageuka jiwe katikati ya kuchemka. Mapovu yaliyonaswa ndiyo vitundu unavyoviona juu ya mshono. Vibaya zaidi ni vile usivyoviona, vilivyo ndani, vimeshikana mkono kutoka upande mmoja wa bati hadi wa pili. Maji hayahitaji mlango mkubwa.

Kwa geti la nyumba, vitundu ni aibu tu. Kwa kitu kinachoelea, mshono ndio chombo chenyewe. Meli ya MV Mwanza iliyojengwa bandari ya Mwanza Kusini na kushushwa majini Februari 2023 ina urefu wa mita 92.6 na imesanifiwa kubeba abiria 1,200 na mizigo tani 400. Ukiitazama kwa jicho la fundi, ni maelfu ya mabati yaliyoshikwa na mishono. Kwenye kazi kubwa kama hizo mishono inakaguliwa kwa vipimo maalumu. Fundi wangu wa Igombe ana macho yake na ziwa lenyewe.

Turudi kwenye upepo. Gesi inatoka kwenye nozeli kwa upole, haina nguvu ya kupigana na mtu. Upepo ukizidi kama mita 2 kwa sekunde, yaani ule unaouhisi usoni na kutikisa majani kidogo, tayari unaanza kuifagia. Huhitaji dhoruba. Nilipomuuliza fundi mishono ya asubuhi ikoje, alinionyesha: mizuri, laini, haina kitu. Ya alasiri ilikuwa kama andazi lililotobolewa na njiti. Kesi imekwisha, nikafikiri. Tukafunga turubai upande wa ziwani, akawasha.

Vitundu vikapungua. Havikuisha.

Nikaangalia kipimo cha gesi. Kilikuwa kinasoma karibu lita 30 kwa dakika. “Mzee, mbona umefungua hivi?” Akanijibu kwa mantiki kamili: upepo unapeperusha gesi, basi naongeza gesi. Wengi tungefanya hivyo hivyo. Lakini kazi nyingi za waya wa 0.8 au 1.0 zinahitaji lita 10 hadi 15 tu, na mahali pagumu labda 18 au 20. Ukipita hapo, gesi inaacha kutiririka kwa utulivu na kuanza kuzungukazunguka, na ikizunguka inavuta hewa ya pembeni na kuipeleka palepale kwenye dimbwi. Fungua bomba la maji kidogo uone mkondo laini kama kioo, kisha fungua mpaka mwisho uone unavyovurugika na kuwa mweupe. Ule weupe ni hewa.

Tukashusha mpaka lita 14. Mshono wa kwanza ukatoka safi, wa pili safi. Baada ya kama nusu saa vitundu vikarudi, safari hii kwa vipande: sentimita tano nzuri, tatu mbovu, tena nzuri. Hapo ndipo kiburi kilinitoka. Upepo hauna ratiba namna hiyo.

Jibu lilikuwa limekaa mbele ya macho yetu, jeupe. Regyuleta ilikuwa na ukungu wa barafu.

Hapa kuna fizikia nzuri sana, niruhusu nikae kidogo. Ndani ya mtungi, kabonidayoksaidi nyingi ipo kama kimiminika, na juu yake kuna gesi. Unapochota gesi, kimiminika kinachemka kufidia, na kuchemka kunakula joto, kama spiriti inavyopoza ngozi kabla ya sindano. Lita 30 kwa dakika ni kama gramu 55 za gesi. Kuzichemsha kunahitaji karibu kilojuli 8 kila dakika, sawa na wati zaidi ya 130. Joto hilo linatoka wapi? Kwenye chuma cha mtungi na hewa iliyouzunguka, hakuna pengine. Halafu gesi inapita kwenye kitundu cha regyuleta, kutoka shinikizo la baa 60 hivi hadi chache tu, na kabonidayoksaidi ikishushwa shinikizo hivyo inapoa yenyewe, makumi ya nyuzi. Unyevu uliomo unaganda, njia inaziba, gesi inakatika. Ukisimama kupumzika, barafu inayeyuka, gesi inarudi, na unaapa kwamba mashine ni nzima.

Unaona mzunguko wenyewe? Upepo ulimfanya aongeze gesi. Kuongeza gesi kulivuruga mkondo na pia kuligandisha regyuleta. Kuganda kulileta vitundu zaidi, naye akaongeza gesi zaidi. Nilipokuja mimi na kushusha kipimo, regyuleta ilishapoa na tulikuwa tunachomelea mfululizo, kwa hiyo iliendelea kuganda hata kwa lita 14. Matatizo mawili tofauti yalikuwa yanatokea saa moja ile ile ya mchana, moja likijificha nyuma ya mwenzake.

Dawa yake si ya ajabu. Zipo regyuleta za kabonidayoksaidi zenye hita ya umeme ndani, na mashine nyingi zina tundu la kuichomeka kwa nyuma. Yake alikuwa nayo, ila waya wa hita ulikatika zamani na akauona hauna kazi. Kwa dharura unaweza kumwagia regyuleta maji ya uvuguvugu kwa nje. Kamwe usiipige moto wa gesi. Nimeona mtu akifanya hivyo na sikusubiri kuona mwisho wake.

Jambo jingine la mtungi linalowaliza watu ni geji. Kwa agoni, sindano inashuka taratibu kadiri gesi inavyokwisha, kama ya mafuta kwenye gari. Kwa kabonidayoksaidi sivyo. Maadamu kuna kimiminika ndani, shinikizo linategemea joto tu: kwa nyuzi 20 ni baa 57, iwe mtungi umejaa au umebaki nusu. Sindano inaanza kushuka kweli kimiminika kikiisha, na wakati huo umeshatumia sehemu kubwa ya gesi yako. Ukitaka kujua kilichobaki, weka mtungi kwenye mizani na utoe uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye shingo yake. Kilo 30 za gesi kwa lita 15 za dakika zinakupa kama saa 18 za moto kuwaka. Mtungi usimame wima, ukiulaza kimiminika kinaingia kwenye regyuleta. Na usipokee mtungi wenye mrija wa ndani unaofika chini, ile ya kuchotea kimiminika. Huo hata ukisimama wima utakutolea kimiminika, na barafu utaiona ndani ya dakika chache. Usiuache juani pia: ukivuka nyuzi 31, kimiminika na gesi havitofautiani tena, na shinikizo linapanda haraka.

Waya nao una visa vyake, ila visa vya waya unavisikia kwa masikio. Mashine ikiwa sawa, kwenye bati jembamba inatoa sauti ya dagaa wanaokaangwa, ya mfululizo. Ile ni ncha ya waya inayogusa dimbwi na kukatika makumi ya mara, hata zaidi ya mia, kwa sekunde. Sauti ikigeuka kuwa tatata... kimya... tata, waya hauji kwa mwendo mmoja. Mashine hizi zinashikilia volti, na urefu wa moto unajirekebisha wenyewe kwa kufuata mwendo wa waya. Waya ukichelewa nukta moja, moto unapanda kuufuata mpaka kwenye tipu, na waya unaganda humo. Fundi anang'oa tipu, anaweka mpya, baada ya dakika tano yale yale, kisha analaumu tipu za siku hizi.

Mimi huwa natafuta kwa kukata njia katikati. Toa tipu, bonyeza swichi, uone waya unavyotoka. Ukitoka vizuri, tatizo ni tipu: tundu limejaa au limetanuka, au ni ya kipimo kingine. Ukiendelea kukwama, fungua rola na uvute waya kwa mkono kutoka upande wa tochi. Ukiwa mgumu, ni laina, ule mrija wa ndani ya kebo. Umejaa unga wa shaba na kutu, au kebo imekunjwa kama nyoka. Ukivutika kirahisi, rudi kwenye rola na koili. Hapo kosa ninalolikuta zaidi ni kukaza. Waya ukiteleza, mtu anakaza rola, na akikaza sana rola zinausaga waya, unga wake unaziba laina, waya unazidi kuteleza, anakaza tena. Unakumbuka hadithi ya gesi? Ni ile ile. Kaza kiasi cha waya kusukuma kipande cha ubao bila rola kuteleza, uishie hapo. Iwapo ukikwama unajisokota kama kiota cha ndege kati ya rola na laina, mara nyingi ulikaza kupita kiasi.

Koili iliyolala wazi banda la ufukweni inapata kutu kabla hujamaliza kilo 5. Kutu ina unyevu, unyevu una haidrojeni, nayo inaleta vitundu vyake. Fundi wangu alikuwa anaiacha koili kwenye mashine usiku kucha, mlango wazi. Sasa anaifunga kwenye mfuko wa nailoni. Bati lenyewe pia lisafishwe kwa grenda hadi ling'ae, maana rangi, kutu na mafuta ya samaki yote yanatoa gesi yakiungua. Kwa bomba lenye zinki, kama yale ya fremu za vizimba vya sato, zinki inachemka kwenye nyuzi 907 wakati chuma kinasubiri 1,538 ndipo kiyeyuke. Itapita humo humo kwenye mshono, kisha iingie kwenye mapafu yako na kukupa homa ya usiku mmoja. Maziwa hayazuii homa hiyo, samahani. Ondoa zinki sehemu ya kuchomelea, na ukae upande upepo unakotoka.

Kuna wanaoniuliza kwa nini wasitumie tu ule waya usiohitaji gesi, wenye unga ndani yake. Kwa kazi ya nje yenye upepo ni chaguo la maana kabisa, ila moshi wake ni mwingi na gamba lazima uligonge. Ukiuweka, geuza nyaya za umeme ndani ya mashine: waya mtupu wa gesi unataka tochi iwe chanya, na huu kwa kawaida unataka iwe hasi. Wengi hawageuzi, wanapata matone ya chuma kila mahali, wanarudisha waya dukani.

Sasa sehemu niliyoogopa zaidi siku ile. Turubai lilipoonekana kusaidia, fundi alipendekeza tufunike boti yote na yeye aingie ndani ya tumbo lake kuchomelea kwa chini, upepo usifike kabisa. Kwa mshono, wazo zuri. Kwa mtu, hapana. Kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu. Inajaa ndani ya boti kama maji kwenye beseni, haina rangi, na kwenye moto wa mashine sehemu yake inageuka monoksaidi, ile ile ya jiko la mkaa chumbani. Lita 14 kila dakika kwenye tumbo la boti lililofunikwa ni hesabu ya haraka. Agoni nayo ni nzito, na haikupi hata dalili ya kukosa pumzi. Tukakubaliana hivi: turubai liwe ukuta wa upande mmoja, juu pabaki wazi, feni isukume hewa ndani ikiwa mbali na mshono, kijana wake asimame nje akimwangalia, na wakati wa kula mtungi ufungwe kwenye koki yake, isiwe kuzima mashine tu. Mpira unaovuja saa nzima ndani ya boti unamsubiri atakayerudi kwanza.

Kuhusu kuvuja, tulipima pia. Fungua mtungi, funga tena, usiguse tochi, tazama sindano. Ikishuka ndani ya dakika chache kuna mahali panapovuja, na povu la sabuni litakuonyesha. Letu lilichemka kidogo kwenye kiungio nyuma ya mashine. Kamba ya mpira ya shilingi chache.

Alitengeneza hita, akakata mshono wote wa chini, akaurudia kwa asubuhi mbili, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tano, kabla upepo haujaamka. Kisha tukaujaribu kwa njia ya zamani, bila kushusha boti majini: nje tukapaka chokaa mshono wote, ndani tukapaka mafuta ya taa, tukasubiri. Mafuta ya taa yanapenya pale maji yanaposita, na kwenye chokaa yanaacha doa jeusi.

Baada ya saa moja chokaa ilikuwa kavu, isipokuwa alama moja ya ukubwa wa punje ya mahindi, karibu na pua ya boti. Fundi aliitazama, akatazama saa yake. Ilikuwa saa nane na nusu, na turubai lilianza kucheza.

“Hii kesho asubuhi, binti,” akasema, akaizungushia duara kwa chaki.